Maji ya moto bonde la Mbaka: tunaweza kukaushia kokoa, au tusubiri umeme wa jotoardhi?

Mama_Kokoa

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya wenye uelewa wa mambo ya jotoardhi, hasa ndugu zetu wa Kenya ambao kwenye hili wametutangulia mbali.

Sisi ni wakulima wa kokoa huku bondeni, Busokelo kuelekea Kyela. Kikundi chetu kina masanduku ya pamoja ya kuvundikia, kwa hiyo kuvundika hakutusumbui. Kinachotuua ni kukausha. Ukianika asubuhi, saa sita umeshakimbilia turubai, saa tisa jua linachungulia unafunua, saa kumi unafunika tena. Usiku kokoa inalala chini ya turubai na joto lake, asubuhi ukifunua unakutana na harufu. Mvua ikishika mfululizo, ukungu unaingia. Mnunuzi anapasua punje kwa kisu, akiona utando mweupe ndani hana maneno mengi, anakushusha daraja. Kuna wanaokausha kwa kuni juu ya mabati. Inakauka kweli, lakini inanuka moshi, na yenye moshi nayo hawaitaki.

Sasa kandokando ya mto Mbaka kuna chemchemi za maji ya moto. Mkono ukitumbukiza unautoa mwenyewe bila kuambiwa. TGDC, kampuni ya umma ya jotoardhi, walishakuja na mitambo wakachimba visima vya uchunguzi huku Kiejo-Mbaka, na tangu hapo habari ya kijiweni ni moja tu: umeme unakuja, tulieni. Mimi ninachojiuliza ni kama yale maji yanayomwagika mtoni usiku na mchana hayawezi kutukaushia kokoa hata kabla ya huo umeme. Je, ni lazima mtambo mkubwa? Na je, maji yakivutwa kwa bomba mpaka kwenye masanduku yetu, kama kilomita mbili hivi, yatafika bado ya moto?

Naomba lugha nyepesi, mimi si mhandisi. Ndaga fijo.

Kijana_wa_Uyole

Dada, ushauri wangu msihangaike na vichanja. Jotoardhi ni umeme. Kenya wanazalisha zaidi ya megawati 900 kwa mvuke, zaidi ya asilimia 40 ya umeme wao wote. Sisi Mbeya tumekaa juu ya maeneo ya jotoardhi ya Ngozi, Songwe, Kiejo. Shinikizeni umeme uje, halafu mtanunua mashine za kisasa za kukaushia, mnabonyeza kitufe basi.

Fundi_wa_Mvuke

Dada Mama_Kokoa, nakusalimu kutoka Gilgil. Mimi nilikuwa mchomeleaji wa mabomba ya mvuke kule Olkaria, kwenye mitambo ya jotoardhi ya Kenya, kazi iliyonizeesha magoti. Sasa nafuga ng'ombe wachache na kutengeneza matangi ya kupoozea maziwa. Nitajibu kwa urefu kwa sababu swali lako ni zuri kuliko jibu ulilopewa. Kijana wa Uyole asikasirike.

Kwanza stima, yaani umeme, ili tuelewane kwa nini nasema msiisubiri.

Olkaria tunachimba kisima kwenda chini hadi kilomita 3 hivi. Kule chini joto linapita nyuzi 300, lakini maji hayachemki kwa sababu yamebanwa na uzito wa yote yaliyo juu yake. Yakipanda kisimani mbano unalegea, yanaanza kuchemka njiani, na kinachotoka mdomoni ni mvuke na maji vikiwa vimechanganyika, kwa kelele ambazo ukisimama karibu bila vizuizi vya masikio utazisikia mpaka usiku kitandani. Mchanganyiko huo unaingia kwenye sepereta, pipa refu la chuma lililosimama wima. Bomba linaingilia ubavuni ili mchanganyiko uzunguke ndani kwa kasi. Maji mazito yanatupwa ukutani na kuteremka, mvuke mkavu unachukuliwa kwa bomba lake kwenda kwenye tabaini, lile gurudumu la mapanga linalozungusha jenereta. Mvuke ukishasukuma mapanga unapoozwa, unasinyaa kuwa maji, na kule kusinyaa kunaacha ombwe linalouvuta mvuke unaofuata. Maji yaliyotengwa yanarudishwa ardhini kwa visima vingine.

Ni kazi safi, na mimi najivunia kwamba zipo nyumba zinazowaka kwa sababu ya viungo nilivyovichomelea. Lakini angalia miaka. Uchimbaji wa kwanza Olkaria ulianza 1956, na visima viwili vya mwanzo havikutoa kitu cha maana. Kazi ikalala, ikaamshwa tena miaka ya sabini. Stima ya kwanza, megawati 15, iliwaka 1981. Siku hizi mambo yanakwenda haraka zaidi, lakini kisima kimoja kirefu bado ni mamilioni ya dola, na unaweza kuchimba ukakuta mwamba wa moto usio na maji, au maji yasiyo na moto wa kutosha. Anayeweka pesa hizo hataki kusikia habari za kuharakishwa na mtu wa kokoa.

La pili ndilo linalonisukuma kuandika. Ukichukua joto lote linalotoka visimani, wastani wa mitambo ya dunia nzima ni kwamba asilimia 12 hivi tu ndiyo inayogeuka stima. Nyingine inakwenda na ule moshi mweupe unaouona juu ya minara ya kupoozea, na inarudi ardhini na maji. Hakuna aliyezembea hapo. Kugeuza joto kuwa mzunguko na mzunguko kuwa stima kuna hasara yake ya maumbile, na joto likiwa dogo hasara inazidi. Sasa wewe unataka nini? Unataka hewa ya moto. Ukipewa stima utafanya nini nayo? Utaigeuza tena joto! Joto unalo tayari, linamwagika mtoni.

Mkoloni mwenyewe aliliona hili. Pale Eburru, mlima ulio kaskazini magharibi ya Ziwa Naivasha, kuna kikaushio cha pareto kilichojengwa 1939 kinachotumia mvuke wa ardhi. Miaka arobaini na ushei kabla ya Olkaria kuwasha balbu yake ya kwanza, maua yalikuwa yanakauka Eburru bila kuni. Na hadi leo watu wa pale hupata maji ya kunywa kwa mvuke: bomba linachomekwa kwenye tundu linalofuka, linapandishwa kwa mshazari, mvuke unapoa humo ndani na kudondoka tone kwa tone kwenye tangi. Ukifika asubuhi na mapema utakuta ng'ombe wanangojea foleni kuliko watu wa benki.

Shamba la maua la Oserian, Naivasha, lilianza 2003 kupasha joto nyumba za vioo na nailoni kwa kisima ambacho kwa stima kilikuwa hafifu. Lilifika hekta 50. Wengi wanadhani ni kwa sababu ya baridi. Baridi ipo, lakini adui mkubwa wa waridi alfajiri ni unyevu. Hewa ikiloa, kuvu wanashuka kwenye chipukizi. Wakapitisha maji ya moto kwenye mabomba kati ya matuta, hewa ikakauka, na gesi ya kaboni iliyotoka na mvuke huohuo wakailisha mimea. Adui yao na wako, dada, ni yuleyule.

Menengai, juu ya Nakuru mjini, GDC, kampuni ya serikali ya jotoardhi, wana mradi wa mfano kwenye kisima: kuchemsha maziwa kuua vijidudu, nyumba ya nyanya, mabwawa ya samaki, hata kufulia nguo. Baadaye wakaongeza kikaushio cha nafaka. Hiyo ya maziwa ndiyo nimeiangalia kwa jicho la wivu, kwa kazi yangu ya sasa.

Sasa twende Mbaka. Umesema mkono haustahimili. Nakisia nyuzi 55 hadi 65, lakini usinitegemee mimi, nunua kipimajoto cha jikoni. Kwa stima, maji ya namna hiyo ni maskini. Kwa kokoa ni karibu kabisa na yanavyotakiwa, maana kokoa haitaki hewa inayopita nyuzi 60. Ukiichoma kwa haraka ganda la nje linakakamaa, asidi ya kuvundika inabaki ndani, na chokoleti inakuwa chungu ya siki. Nyuzi 45 hadi 50 zinatosha.

Chukua hewa yenu ya siku ya mvua, tuseme nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 85. Hewa hiyo hailoweshi kitu wala haikaushi kitu. Ipashe hadi nyuzi 50 bila kuiongezea maji, unyevu wake unashuka hadi asilimia 22 hivi. Sasa ina njaa ya maji. Ipitishe chini ya kichanja cha kokoa iinuke kati ya punje, itoke juu na mzigo wake. Hapo mvua inaweza kunyesha inavyotaka.

Na kiasi? Tafuta ndoo ya lita 20, kingia mdomo wa chemchemi, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 20, una lita moja kwa sekunde. Lita moja kwa sekunde ikiingia na nyuzi 60 na kutoka na 45 inakuachia kilowati 60 na kidogo za joto. Kokoa mbichi iliyokwisha kuvundikwa, tani moja, ina zaidi ya nusu tani ya maji ya kutolewa ili ibaki na asilimia 7 inayotakiwa. Kwa karatasi, nikiweka na hasara za kikaushio cha kawaida, ni saa 15 za hizo kilowati 60. Kwa shamba weka mara mbili, na siku ya kwanza nenda pole makusudi ili asidi itoke. Maji hayohayo ukiyatia kwenye mtambo wa stima, ukibahatika utapata kilowati 3. Kilowati 60 au 3, chagua.

Kuhusu bomba la kilomita mbili: usithubutu. Watu watakutajia Iceland, ambako nyumba tisa kati ya kumi zinapata joto lake kutoka ardhini, na bomba la kutoka Nesjavellir linafika Reykjavik, kilomita 27, likiwa limepoteza chini ya nyuzi 2. Ni kweli. Lakini bomba lile lina upana wa sentimita 80 hadi 90, limevikwa sufi, na linapitisha zaidi ya lita elfu moja kila sekunde. Maji mengi yanajilinda yenyewe. Lita moja yako kwenye bomba jembamba, hata ukilivika vizuri na kulifukia, sehemu ya joto mnalolitegemea itabaki njiani. Usipolivika, masandukuni mtapokea maji ya kuogea mtoto. Hamisheni kichanja kiende kwa maji. Kokoa ikibebwa kilomita mbili haipoi.

Kijana_wa_Uyole

Sikukasirika mzee, ila nimekuelewa nusu. Mbona nimesoma kwamba siku hizi kuna mitambo inayotumia maji yasiyofika hata nyuzi 100? Wanatumia kimiminika kingine kinachochemka haraka.

Mwana_wa_Lushi

Bandugu, hiyo ya maji chini ya nyuzi 100 si ya siku hizi. Huku kwetu Kongo, Katanga, mahali paitwapo Kiabukwa, Wabelgiji waliweka mtambo wa namna hiyo 1952. Maji yalikuwa ya nyuzi 91, umeme kilowati 200 hivi, ulikuwa wa mgodi. Ndio wa kwanza katika Afrika yote. Leo hautoi tena kitu, watoto wa shule hawafundishwi hata kwamba ulikuwako.

Fundi_wa_Mvuke

Ahsante Mwana wa Lushi. Vijana wengi wa kazi yetu wanadhani Afrika ilianzia Olkaria.

Kijana, uko sahihi, mitambo hiyo ipo na inafanya kazi. Maji ya moto yanapasha kimiminika kingine, cha jamii ya gesi ya kupikia au ya friji, ambacho kinachemka kwa joto dogo. Mvuke wa hicho ndio unaosukuma tabaini, halafu unapoozwa na kurudi, mzunguko uliofungwa. Hata Olkaria III inatumia mfumo huo, ila kwa visima vya moto mkali. Mfano wa maji ya joto la chini kabisa ni Chena, Alaska: tangu 2006 wanatoa stima kwa maji ya nyuzi 74. Lakini tazama wako wapi! Upande wa pili wa mtambo wana maji ya baridi kali. Mtambo wa joto hauangalii moto peke yake, unaangalia tofauti kati ya moto wako na baridi yako. Kyela baridi utaitoa wapi? Mto wenyewe ni vuguvugu.

Ngozi ni habari nyingine. Ngozi wakipata mvuke wa kina kirefu, stima ije na nitakuwa wa kwanza kuwapongeza. Chemchemi ya Mbaka na kisima cha kilomita kadhaa si kitu kimoja, ingawa zote mnaziita jotoardhi.

Mama_Kokoa

Jamani ndagaaa. Fundi, umenitoa gizani. Nimewasomea kina mama wa kikundi, mmoja akasema "kumbe tulikuwa tunafulia nguo kwenye kilowati".

Maswali yamezaliwa. Hiyo hewa inapashwaje na maji bila kulowa? Mafundi wa magari wa Tukuyu wanasema wanaweza kutuuzia rejeta (radieta) kuukuu ya lori, tuweke feni nyuma. Inafaa? Na maji yenyewe yanaacha kitu cheupe kwenye mawe, kigumu. Na kuna mahali, juu kidogo ya chemchemi, penye kibonde, wazee wanatukataza watoto wasiteremke. Wanasema pana mzimu, ndege wanakufa pale. Ndipo penye nafasi nzuri tambarare, nilifikiria kujenga hapo.

Goma_Volkano

Dada, msijenge kwenye kibonde hicho! Tafadhali. Huku Goma tunaiita mazuku. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inatulia mabondeni hasa usiku na alfajiri upepo ukilala. Haina rangi, haina harufu. Mbuzi anateremka kula majani harudi tena. Watu pia wamekufa, na anayeshuka kumwokoa mwenzake anakufa juu yake. Wazee wenu wamesema kweli, hata kama mzimu ni jina lao tu.

Fundi_wa_Mvuke

Nimesoma hilo la kibonde nikaacha chai ipoe. Goma_Volkano amemaliza, nami naongeza: Rungwe inajulikana kwa gesi hiyo, kiasi kwamba kuna kampuni inayoivuna na kuijaza kwenye mitungi ya soda na ya viwandani. Kikaushio kikae mahali pa juu, penye upepo, kuta wazi upande wa chini ili kitu kizito kipate pa kutokea. Msichimbe shimo la kuweka mitambo. Usiku mtu asilale ndani kulinda kokoa, najua mtashawishika. Mkisikia pia harufu ya yai bovu, hiyo ni gesi nyingine, na hila yake ni kwamba ikizidi inaua pua kwanza, unadhani imekwisha kumbe ndiyo imejaa. Olkaria tulivaa vipima gesi kifuani, na king'ora kikilia hatukubishana nacho, tuliangalia bendera ya upepo inaelekea wapi tukakimbia kinyume.

Rejeta. Mawazo ya mafundi wa Tukuyu ni sawasawa: maji ndani ya vijibomba, hewa nje, havikutani. Na ndivyo inavyotakiwa, maana maji ya ardhini ya Bonde la Ufa mara nyingi yana floridi nyingi, pengine na aseniki. Yasiguse kokoa hata tone. Lakini radieta ya lori sikushauri, na sababu ni hicho kitu cheupe.

Maji yenu yamebeba gesi na chokaa iliyoyeyuka. Yakitoka ardhini gesi inaponyoka, kama soda ikifunguliwa, na gesi ikiondoka chokaa haina tena wa kuishika, inaganda. Kule Songwe imeganda hivyo karne na karne mpaka ikawa mwamba mzima wa kuchimbwa. Vijibomba vya radieta ni vyembamba, vitaziba kabla hamjauza mzigo wa kwanza. Na shaba yake, ikikutana na ile gesi ya yai bovu, inaliwa.

Ningekuwa huko ningefanya hivi. Mabomba ya chuma ya kawaida, inchi mbili, yaliyonyooka, yamelazwa sambamba chini ya kichanja. Kila bomba lina kifuniko cha kufungua kwa spana pande zote mbili. Likiziba unafungua, unasukuma fimbo yenye brashi ya chuma, chokaa inatoka kwa vipande. Hakuna kona, hakuna kupinda, kwa sababu kona ndipo chokaa inapojenga nyumba. Nje ya bomba chomelea mapezi ya bati nene ili hewa ipate eneo kubwa la kugusa. Nyie mna bahati maji yenu si ya nyuzi 150. Bomba la mita 100 likipanda nyuzi 150 linarefuka karibu sentimita 18, ndiyo maana yale ya Olkaria yamejengwa yakiwa na vipinda vikubwa vya mraba, vya kumeza urefu huo. Vingine vimeinuliwa juu twiga wapite chini yake, maana pale ni mbuga. Nimewahi kuning'inia na mashine yangu huku twiga ananitazama usoni, na sikujua nani anamshangaa nani. Kwenu, acheni tu ncha moja ya bomba huru isifungwe kwa nguvu.

Feni kweli inahitaji umeme, ila ni kidogo mno ukilinganisha na joto lenyewe. Kama nguzo hazijafika mtoni, paneli za jua hazitawafaa siku ya mvua, ambayo ndiyo mnayoihitaji. Anzeni na bomba la moshi refu juu ya paa, la bati lililopakwa rangi nyeusi. Hewa ya moto itapanda yenyewe na kuvuta nyingine. Itakuwa polepole kuliko feni. Kokoa inapenda polepole.

Yanayotoka kwenye mabomba yakiwa na nyuzi 45 msiyamwage hivihivi kwenye mifereji ya migomba, yaacheni yapoe kwanza kwenye kidimbwi. Na msibane chemchemi yote. Watu wanaoga pale na wana haki yao.

Kuna moja linaloniuma, niliseme kwa kuwa nimekaa muda mrefu. Pale kwenye visima vikubwa maji ya nyuzi 150 yanarudishwa chini, huku ng'ambo ya kilima mtu anachoma mkaa. Wahandisi wana sababu: yakirudi ndiyo yanayolinda mgandamizo wa chini, na ukiyapoza kupita kiasi silika, madini yaliyoyeyuka humo kutoka kwenye miamba, inaganda na kuziba kisima cha kurudishia. Sababu hizo nazikubali. Lakini kati ya 150 na pale silika inapoanza kukera pana nafasi ya kukausha mahindi ya kata nzima, na nafasi hiyo inatumika kidogo mno.

Kijana_wa_Uyole

Na kibali je? Yasije yakajengwa mtu akatokea na karatasi akasema eneo ni lake.

Mwanasheria_wa_Kijiji

Swali zuri. Maji ya Tanzania kuyatumia kwa kazi kama hii kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde husika. Kwenu ni Bonde la Ziwa Nyasa, ofisi ziko Tukuyu. Mwende na muhtasari wa mkutano wa kijiji ulioridhia eneo, mkiwa kikundi kilichosajiliwa. Na kwa kuwa TGDC walishafanya utafiti hapo, waandikieni barua ya kuwajulisha na kuomba takwimu zao za joto na kemikali. Ni shirika la umma, na huenda wakawapunguzieni gharama za kupima upya. Ombeni kwa maandishi, mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Mama_Kokoa

Kesho kutwa tuna kikao cha kikundi, nitalipeleka la muhtasari. Mwenyekiti wa AMCOS, ushirika wetu wa mazao, naye nimemgusia, ametaka kujua gharama. Kipimajoto ninacho sasa, nimeazima cha jirani anayefuga vifaranga, kinaishia nyuzi 50. Nimekitumbukiza kikagota juu palepale.

Fundi_wa_Mvuke

Kirudishe kabla hakijapasuka! Tafuta kinachofika 100. Pima mahali maji yanapochomoza kwenye mwamba, si kwenye dimbwi, na upime asubuhi, mchana na baada ya mvua kubwa, maana maji ya mvua yakijipenyeza juu joto linashuka na hesabu yetu yote inabadilika. Ndoo ya lita 20 vilevile nyakati hizohizo.

Sampuli ya maabara ichukuliwe kwa chupa iliyojaa mpaka mdomoni, isiachwe nafasi ya hewa, ifungwe palepale. Waambie wapime pH, kalsiamu, baikaboneti, silika, floridi na aseniki. Gharama ya mabomba siwezi kumtajia mwenyekiti kabla ya hapo. Chokaa ikiwa nyingi sana tutaacha kuyapitisha maji ya chemchemi kwenye mabomba kabisa, tutalaza mabomba ya maji safi ndani ya dimbwi lenyewe yabebe joto, na hapo itabidi pampu ndogo. Weka majibu hapahapa kwenye uzi, usinitumie pembeni, wengine nao wasome.